Ndege wageni wa Selander: wanaingia lini, wanaondoka lini

Wadau, wengi wetu tukisikia habari za kuangalia wanyama tunawaza nauli ya Mikumi. Lakini hapa hapa Ilala, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini kwenye Daraja la Selander, kuna tope na mikoko inayopokea wageni wa mbali kila mwaka. Hakuna geti wala kiingilio. Ratiba yao ndiyo hii:

AGOSTI–OKTOBA: Wanaanza kuingia. Wengi ni jamii ya chekeamwezi, ndege wadogo wa pwani. Yupo mmoja mwenye mdomo uliopinda kwa chini, huyo anazaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, halafu anakimbia baridi.

NOVEMBA–FEBRUARI: Wamejaa. Kutwa wanachokonoa tope kutafuta minyoo na kaa wadogo. Ukiwa na bahati utamwona mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu anataga ndani ya mashimo ya mchangani, Oman na pwani ya Somalia.

MACHI–APRILI: Yule wa Siberia anageuka mwekundu kama tofali kuanzia kifuani. Anakula kwa fujo, maana safari yote anategemea mafuta ya mwilini.

MEI–JULAI: Kumepoa. Wamebaki vijana ambao hawajaanza kuzaa, pamoja na wenyeji kama yangeyange.

Nenda maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanatoka sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Simama kando ya Ocean Road, ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama Drive. Usiwafukuze ili upate picha. Kila wakiruka bure wanachoma mafuta ya safari.

Sasa tatizo liko hapa. Tope hilo linaletwa na Msimbazi, kutoka milima ya Pugu kupitia Vingunguti na Jangwani. Mto huo huo unabeba na taka zetu. Masika yanaanza Machi, mitaro inafurika, na mfuko uliotupwa Kariakoo unashuka mpaka pale ndege anapokula, tena ule mwezi anaohitaji kushiba kuliko yote. Asiposhiba Selander, Siberia hafiki.

Haya, mdau uliyewahi kuwaona wekundu, tujuze ilikuwa mwezi gani na upande gani wa daraja.