Andaa Nauli

Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni, jina linalosikika kama mtoto aliye tumboni akiwasihi wakubwa. Kujiunga kulitaka neno moja tu, MTOTO, kwenda 15001, bila malipo. Mjamzito alieleza mimba ina wiki ngapi, na tangu hapo meseji zikaenda sambamba na tumbo lake: hudhuria kliniki, lala kwenye chandarua, pima VVU, andaa nauli ya kwenda kujifungua.

Katika tasnifu yangu nimekwama kwenye hiyo nauli. Meseji iliandikwa kana kwamba kinachopungua ni habari. Bibi wa Kigogo aliyezalisha wajukuu wake nyumbani alijua hospitali iko wapi. Mvumi ilikuwa na hospitali ya misheni tangu enzi za mkoloni. Alichokosa ni namna ya kufika. (Na simu yenyewe, katika nyumba nyingi, inalala mfukoni mwa baba.)

Dalili ilishaonekana Unguja. Utafiti wa Wired Mothers uliofanyika huko mwaka 2009 na 2010 uliwafuatilia wajawazito zaidi ya 2,500. Kati ya waliofikiwa kwa simu, asilimia 60 walizalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Upande wa pili walikuwa 47. Wengi wetu tunaishia hapo kunukuu. Lakini ongezeko lilikuwa la wanawake wa mjini, wa shamba halikuwagusa. Na hiyo ni Unguja, si Bahi wala Kongwa.

Aprili 2022, hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua m-mama kitaifa, baada ya majaribio ya Sengerema na Shinyanga. Safari hii simu haikufundishi kitu. Dharura ikitokea unapiga 115 bure, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye malipo yake hayatoki kwa mama. Kwangu huo ndio mgeuko mkubwa wa historia hii, kuliko teknolojia yoyote: miaka kumi ya kumwambia mwanamke aandae nauli, kisha mtu mwingine akailipa.

Februari, makorongo ya Chamwino yakijaa, dereva naye husubiri ng'ambo maji yapungue.