Kapiteni Joubert, Bibi Agnes na Udongo wa Mpala

Ndugu wanachama, pamoja na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali, jambo kubwa kwa waliorudi ni shamba. Mtu alikimbia vita, akarudi, akakuta mwingine analima pale alipokuwa analima yeye. Basi swali linakuwa: nani ni mwenyeji, na nani alikuja? Tunaona vizuri tukumbushane habari ya Mpala, kule kusini ya Kalemie, kando ya ziwa.

Ludovic Joubert alizaliwa mwaka 1842 Saint-Herblon, kijiji cha magharibi ya Ufaransa. Akiwa kijana aliingia jeshi la Papa kule Italia, akapigana Castelfidardo mwaka 1860. Jeshi lile liliisha mwaka 1870, Roma ilipochukuliwa. Miaka kumi baadaye akafuata Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie kuja Afrika, kuwalinda.

Boma la Mpala lilikuwa limejengwa na Émile Storms, ofisa wa Ubelgiji, mwaka 1883. Mwaka 1885 lilitolewa kwa Mapadri Weupe. Joubert alifika hapo mwezi wa tatu 1887. Wakati ule biashara ya watumwa iliwaka moto. Rumaliza alikuwa Ujiji, ngʼambo ya ziwa, na watu wenye bunduki walishika wanawake na watoto vijijini. Waliokimbia walikuja kujenga karibu na boma. Kumbe vijiji vingi vilianza hivyo: watu wa makabila mbalimbali, kila mmoja na hofu yake, wakalima pamoja.

Mwaka 1888 Joubert alimuoa Agnes Atakaye, mwanamke wa hapa hapa aliyebatizwa. Siyo ndoa ya kupita: walizaa watoto wengi, na wawili wakawa mapadri. Walihamia Saint-Louis ya Murumbi, kisha mwaka 1910 wakaenda Misembe, karibu na Baudouinville, ile Moba ya leo. Ule muzungu hakurudi kwao. Alikufa mwaka 1927, akiwa na miaka 85.

Askari wake walikuwa vijana wa vijiji hivyo. Bila wao, kapiteni mmoja angefanya nini? Lakini vitabu viliweka jina lake, ya kwao mengi yakapotea. Na mwishoni mwa mwaka 1891 Kapiteni Jacques, aliyetumwa kumsaidia, alianzisha kituo cha Albertville. Mji wetu ulibeba jina hilo mpaka ukaitwa Kalemie.

Tusiseme yote yalikuwa mazuri. Joubert alikuwa mlinzi na hakimu kwa wakati mmoja. Aliyekimbilia boma alipata usalama, lakini pia alipata bwana mpya, na hakuwa na mahali pengine pa kumshitaki. Nyuma ya mapadri ikaja Serikali ya Leopold, na wananchi hawakuulizwa.

Kwa nini tunayaandika haya? Juu ya mambo mawili. La kwanza: huku kwetu, ukichimba kidogo tu, utakuta babu wa wengi alifika akikimbia. Anayemwambia mwenzake "wewe ni mgeni" aangalie kwanza ukoo wake mwenyewe. Bibi Agnes na muzungu wake walipata wajukuu wa udongo huu, na hakuna aliyewaambia warudi walikotoka.

La pili ni letu sisi wa misaada, na ninyi mnaotoa. Kumlinda mtu siyo kumtawala. Mgawanyo wa mbegu na majembe tunaufanya na kamati ya kijiji, mbele ya shefu, na yule asiyeridhika lazima awe na pa kulalamikia, tena mahali ambapo siyo sisi tunaokata neno. Na orodha ya waliofanya kazi iandikwe kwa majina yao yote. Tusirudie kosa la vitabu vile.