Anwani ya IP ya kudumu haiharakishi intaneti nyumbani

MAWASILIANO ya intaneti hutegemea namba iitwayo anwani ya IP, inayoonyesha data zipelekwe wapi. Wateja wengi wa majumbani hupewa anwani inayobadilika. Wengine hulipia zaidi wapate ya kudumu, wakitarajia data zifike upesi.

Matarajio hayo hayana msingi. Kwa kawaida data hupita njia ile ile, anwani iwe ya kudumu au inayobadilika. Kinachochelewesha ni umbali, msongamano wa watumiaji na udhaifu wa mawimbi ya redio ndani ya nyumba. Setelaiti iliyo kilomita 36,000 angani huchelewesha jibu kwa takriban nusu sekunde; ndiyo maana mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ulileta nafuu kubwa.

Ada hutozwa kwa sababu ya uhaba: anwani za IPv4 hazifiki bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iliisha mwaka 2011.

Anwani ya kudumu humfaa anayetaka kuifikia kamera au kompyuta ya nyumbani akiwa mbali. Asiye na haja hiyo, kabla ya kulipa, aunganishe kompyuta na ruta kwa waya, kisha apime tena.