Tayler Scott, mrushaji wa akiba kutoka Johannesburg

Tayler Scott ni mchezaji wa besiboli aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1992. Ndiye mrushaji mpira wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kucheza katika Ligi Kuu ya Marekani.

Kwa mashabiki wa Rusizi waliozoea kuifuata Espoir FC, kazi yake yahitaji maelezo. Mchezo wa besiboli una vipindi tisa. Mrushaji anayeuanza huchoka kabla ya mwisho, na hapo huitwa mrushaji wa akiba, mara nyingi kwa kipindi kimoja tu: awatoe wapigaji watatu, kisha apumzike. Mara nyingine huingia wapinzani wakiwa wamekwisha kusimama kwenye vituo, mithili ya kipa anayeingizwa dakika penalti inapopigwa. Akishindwa, lawama ni yake, ingawa hatari hakuianzisha yeye.

Scott alihamia Arizona akiwa kijana, akamalizia sekondari Scottsdale, na mwaka 2011 akachaguliwa na Chicago Cubs katika raundi ya tano. Klabu hiyo ilimwacha kabla hajafika ligi kuu. Akacheza katika ligi isiyo na uhusiano na klabu kubwa, kisha akapitia Milwaukee na Texas. Tarehe 8 Juni 2019, baada ya miaka minane ya kusubiri, Seattle Mariners walimpa nafasi. Mwaka huohuo alikuwa Baltimore, na mwaka 2020 alikwenda Japani kuichezea Hiroshima Toyo Carp.

Mwaka 2023 pekee alivaa jezi za Dodgers, Boston Red Sox na Oakland. Kuhamahama huko si utovu wa nidhamu. Klabu hubaki na wachezaji 26 tu kikosini, na mrushaji wa akiba ndiye rahisi kubadilishwa. Tofauti ya kipato ni kubwa mno: mwaka huo kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu kilikuwa dola 720,000, ilhali daraja lililo chini yake tu kilikuwa takriban dola 36,000 kwa mwaka.

Msimu wa 2024, akiwa na miaka 32, aliingia katika michezo 62 ya Houston Astros kwa wastani wa 2.23, yaani idadi ya mikimbio anayoruhusu kwa kila vipindi tisa. Wastani wa ligi nzima ulizidi 4 kidogo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Uganda ndiyo iliyotangulia. Watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2012 nchini Marekani. Dodgers waliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates wakamsajili David Matoma, naye pia mrushaji.