Lengo la Mgonjwa

Mchakato wa uuguzi, ambao Bi Ida Jean Orlando wa Marekani aliuandikia kitabu mwaka 1961, na ambao leo vijana wa vyuo vya mafunzo ya utabibu vya Kenya, KMTC, huko Kitui na Makueni hufundishwa tangu mwanzo wa masomo yao, una hatua moja ambayo kwa maneno ni fupi na kwa athari ni kubwa: baada ya kuitambua haja ya mgonjwa, na kabla ya kunyoosha mkono kumhudumia, muuguzi hutamka ni hali gani mgonjwa huyo atarajiwa kuifikia, na lini.

Tamko hilo tuliite nini? Kusudio na azma ni maneno fasaha, lakini hukaa moyoni mwa mwenye kukusudia, na wodini mwenye kukusudia aghalabu huwa muuguzi. Shabaha ni neno zuri, ila husifu pia ustadi wa mlengaji. Mimi nachagua lengo, kwa kuwa latokana na kulenga, na kulenga kwataka alama ionekanayo na umbali ukadirikao. Wakamba, wenyeji wa Kitui na Makueni, ambao sifa yao ya uta na mishale ni ya kale, hawana haja ya kufafanuliwa hilo.

Hata hivyo jina pekee halitoshi, maana lengo hukaa katika kitenzi. Tukiandika "atageuzwa kila baada ya saa mbili," tumeandika kazi ya muuguzi. Tukiandika "ngozi ya mgongo wake itabaki nzima hadi siku ya kuruhusiwa," hapo tumeandika lengo. Na "atapata nafuu" ni dua njema, nami naitikia amina, lakini haina kipimo wala muda, na muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kuitumia kujua kama kazi yaendelea au imekwama.

Katika wodi moja ya Kitui nilimsikia muuguzi kijana akimwuliza ajuza aliyevunjika paja, "Susu," yaani bibi kwa Kikamba, "ukirudi nyumbani wataka kufanya nini kwanza?" Faili ilikuwa imeandikwa "kurejesha mwendo," maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote wa mahali popote. Ajuza akajibu kwamba ataka kufika mtoni mwenyewe, kwenye kisima cha mchangani, kwa kuwa mto Tiva ukikauka maji huchimbuliwa mchangani, naye hapendi kungoja kutekewa na wajukuu. Jawabu hilo lilikuwa na umbali, mteremko, mchanga unaozamisha gongo, na heshima ya mtu mzima. Na wallahi sijui kipimo kingine ambacho kingeweza kuyakusanya yote hayo.

Mto ukabaki kuwa lengo la miezi. Kwa juma lile muuguzi akaandika: "Kufikia Ijumaa asubuhi, atatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, bila kushikwa mkono." Akamsomea polepole, na ajuza akainua kichwa kutoka mtoni, akauliza ni dirisha lipi.