Tishari la Mto Nile: jinsi mzigo unavyosafiri kutoka Juba hadi Malakal na Renk

JUBA – Lori lililotoka Mombasa kupitia Malaba na Elegu likishavuka mpaka wa Nimule, humaliza kilomita 192 za lami, iliyokamilika mwaka 2012, na kuingia Juba. Mzigo wa sokoni Juba umefika. Wa Malakal au Renk bado una safari ndefu, na kati ya Mei na Novemba barabara nyingi za huko huwa tope tupu. Hapo ndipo tishari linapochukua nafasi ya lori.

Juba ndiyo mwanzo wa njia hiyo kwa sababu upande wa kusini, kuelekea Nimule, mto una maporomoko ya Fula na Bedden na hakuna chombo cha mizigo kinachopita. Kuelekea kaskazini, kutoka Juba hadi Kosti nchini Sudan, ni kilomita 1,436 za maji. Zamani meli za mvuke za shirika la reli la Sudan zilipita kwa ratiba. Vita vilivyoanza 1983 viliua ratiba hiyo, na hata baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 haikurudi ilivyokuwa.

Tishari halina injini. Matishari kadhaa hufungwa pamoja kwa kamba za waya, kisha boti yenye injini huyasukuma kutoka nyuma. Tishari moja la tani 500 hubeba mzigo wa zaidi ya malori 16 ya tani 30, na hiyo ndiyo sababu saruji, mabati, mtama na mapipa ya dizeli huenda kwa maji.

Kazi ya mabaharia ni ngumu kuliko inavyoonekana gatini. Alama za kuongoza vyombo ni haba, kwa hiyo nahodha hutegemea kumbukumbu yake na macho ya baharia aliyesimama mbele na upondo akipima kina. Fungu la mchanga huhama kila mwaka. Lilipokuwa njia mwaka jana, mwaka huu chombo hukwama. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, tishari lililojazwa kupita kiasi huweza kukaa mchangani siku nyingi, na pengine mzigo ukahamishiwa chombo kingine.

Baada ya Bor huanza Sudd, kinamasi cha mafunjo. Kona ni kali, na mara nyingi tishari huegemezwa ukingoni ili ligeuke. Visiwa vya majani huelea na kuziba njia, na magugu maji, yaliyoenea Nile Nyeupe tangu miaka ya mwisho ya 1950, hunasa rafadha. Mfereji wa Jonglei ungekwepa sehemu kubwa ya eneo hilo, lakini uchimbaji ulioanza 1978 ulisimamishwa na vita mwaka 1984.

Kinachomuumiza mfanyabiashara zaidi, hata hivyo, ni vizuizi vya ukingoni. Kila chombo kinaposimamishwa hutozwa fedha, na watozaji ni wa serikali na wa makundi yenye silaha pia. Usalama nao si wa kubahatisha: Aprili 2014 msafara wa matishari ya Umoja wa Mataifa, uliobeba chakula na mafuta kwenda Malakal, ulishambuliwa kwa risasi na maroketi na watu wanne wakajeruhiwa. Upande wa Kosti, vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimeyumbisha biashara ya mto.

Kabla ya kupakia, mwenye mzigo na mwenye chombo huhitaji kuandikiana nani analipa vizuizini, na nani anabeba gharama za siku za kukwama. Unga na saruji vifunikwe turubai na kuinuliwa juu ya mbao, maana maji huingia kwa chini pia. Magunia yahesabiwe mbele ya nahodha, na wenye mali wengi huweka mtu wao chomboni hadi mzigo ushuke. Mtu huyo hulala juu ya magunia, pamoja na mbu, na kurudi kwake huchukua muda mrefu zaidi, kwani boti inapanda dhidi ya mkondo.