Nani Anampima Rubani? Historia ya Ugonjwa Unaofichwa Kabla ya Safari

Wiki ya mwisho kabla ya safari yetu, mama alikuwa anakohoa. Tulikuwa Nakivale, upande wa Base Camp, mizigo imeshafungwa na kuku tumeshawagawia majirani. Shangazi alimwambia, "Wifi, kinyamazishe hicho kikohozi. Tukifika huko utakohoa upendavyo." Mama alijitahidi, lakini daktari alimwekea kifaa kifuani, akasikia, akaagiza eksirei na vipimo vya makohozi. Anayetafutwa kifua kikuu kabla ya kuhamishiwa nchi ya tatu, makohozi yake huoteshwa maabara, na jibu huweza kuchukua hadi wiki 8. Shangazi na wanawe wakapanda basi la kwenda Entebbe. Sisi tukabaki. Nilikuwa na miaka 13, na nilimuuliza kaka yangu kama rubani naye anasikilizwa kifua asubuhi ya safari. Alicheka tu.

Sasa nasoma Mbarara, na swali lile nimelirudia kama mwanafunzi wa historia.

Kupimwa kwa rubani ni jambo la zamani kuliko nchi zetu huru. Mkataba wa Paris wa mwaka 1919, wa kwanza wa kimataifa kuhusu usafiri wa anga, ulikuwa tayari na masharti ya afya kwa marubani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na masharti hayo yakaingizwa katika kiambatisho chake cha kwanza kuhusu leseni. Kwa kawaida rubani wa abiria hupimwa kila mwaka, na akivuka miaka 60 hupimwa kila miezi 6. Macho, masikio, moyo, akili.

Lakini cheti kinasema habari za siku ya kupimwa tu. Siku nyingine zote 364 zinalindwa na kanuni moja: mwenye leseni asifanye kazi anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha safari. Neno zito hapo ni "anapojua". Hakuna anayesimama mlangoni mwa ndege na kipimajoto. Mgonjwa ndiye daktari, ndiye shahidi, ndiye hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Huku kwetu, shirika la East African Airways lilianza safari mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, zenye rubani mmoja na abiria wasiozidi 8. Rubani akizidiwa angani, hakuna wa kumpokea usukani. Baadaye zikaja ndege kubwa zenye marubani wawili au zaidi, na watu wengi huona hilo limemaliza tatizo. Mimi sikubali.

Chukua mafua, ugonjwa ambao hapa Isingiro hatuuhesabu hata kama ugonjwa. Ndege inaposhuka, hewa ya nje ya sikio huongezeka mgandamizo, na sikio husawazisha kupitia mrija mwembamba unaoliunganisha na koo. Mafua huuziba mrija huo. Maumivu huwa makali, ngoma ya sikio inaweza kupasuka, na yote hutokea wakati wa kutua, ambapo kazi ni nyingi kuliko wakati wote. Akimeza dawa za kukausha mafua, baadhi yake zinaleta usingizi. Mhudumu wa ndege yuko katika hali hiyohiyo, naye ndiye anayetegemewa kufungua milango moshi ukijaa.

Kwa nini basi mtu apande? Jibu baya kuliko yote lilipatikana tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings ilipoangushwa kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Watu 150 walikufa. Rubani msaidizi aliiangusha kwa makusudi. Madaktari walikuwa wamemwandikia kwamba hafai kazini. Aliyaficha makaratasi, na mwajiri hakujua. Wachunguzi wa Ufaransa hawakuishia kwenye ugonjwa wa akili. Waliandika pia juu ya hofu ya kupoteza haki ya kurusha ndege, na juu ya kukosa bima ya kufidia kipato mtu anapoonekana hafai. Niliposoma hapo nilimkumbuka shangazi. Simfananishi na muuaji, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kanuni inayomtaka mtu atoe ushahidi dhidi ya mkate wake huvunjwa na watu wa kawaida kabisa, kwa kikohozi cha kawaida kabisa.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka kidogo. Machi 21 Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, msafiri aliyetoka Dubai, na siku chache baadaye Entebbe ilifungiwa abiria hadi Oktoba 1. Wahudumu na marubani waliobaki kazini walianza kuchokolewa pua na kuwekwa karantini, kama sisi wa Nakivale tulivyozoea kupimwa kabla ya kuhesabiwa wasafiri. Mwanzoni mwa Aprili Kenya iliomboleza Kapteni Daudi Kibati wa Kenya Airways, aliyekuwa amewarudisha Wakenya kutoka New York, akafa kwa korona. Mwaka ule hakuna aliyeona kumpima rubani ni kumdharau.

Majibu ya mama yalitoka safi. Kufikia hapo vibali vingine vilikuwa vimepitwa na wakati, faili likarudi nyuma, na mpaka leo anaishi kulekule, analima maharage karibu na ziwa.

Likizo iliyopita aliniuliza naandika nini. Nikamweleza habari za rubani mwenye mafua na kanuni inayomtaka aseme mwenyewe. Alisikiliza, ungo mkononi.

"Na akisema anaumwa," akauliza, "mshahara anapata?"

Nikamwambia inategemea kampuni. Akaendelea kupepeta.